Kiti cha Marijani

Kila Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha mikutano cha shirika la maji la Mtiririko, Dodoma, kuna kiti kisichokaliwa na mtu, na mbele yake huwekwa kikombe cha chai ya moto. Mara ya kwanza nilipokiona nilidhani kuna mkubwa amechelewa kwenye foleni. Mara ya pili nilitaka kukivuta niweke mkoba wangu, na chumba kizima kikanipigia kelele: "Hapana, mama! Hicho cha Marijani!"

Marijani si mtu. Ni zana ya kuandikia programu, na karibu kila ofisi kubwa ya nchi hii inaitumia. Mtengeneza programu anavaa kola shingoni, anasema anachotaka pampu zifanye, na Marijani inaandika. Inaandika haraka na inaandika vizuri, hilo sibishani nalo. Ila inachokiandika kimefungwa. Hakuna ajuaye kilichomo ndani, hata yule aliyekitamka. Wenye Marijani wako ng'ambo, na zana ikikwama watumiaji wanajua dawa moja tu: wanavua kola, wanawasha birika, wanangoja fundi wa mbali aongee kwenye spika.

Kiti kilianza kama mzaha. Zamani kidogo pampu zilizidisha maji zikafurisha mtaa mzima, na mkurugenzi alipofoka, "Nani alifanya hivi?" mtu mmoja nyuma akajibu, "Marijani, mzee." Watu wakacheka. Kumbe sheria nayo ilisema hivyo hivyo: mwenye zana iliyofungwa ndiye anayebeba lawama ya kilichoandikwa nayo. Jumatatu iliyofuata mtu akamwekea Marijani kiti, mwingine akamtilia chai. Tangu hapo, hitilafu ikitajwa kikaoni, mwenyekiti anauliza, "Nani alifanya?" na watu wote wanageuka kukitazama kile kiti. Basi, limeisha, wanahamia ajenda nyingine. Chai ikipoa mhudumu anaimwaga.

Mimi naitwa Zamda Lugendo, na umri wangu mzuri wote nimeumalizia kwenye ofisi za watu nikijaribu kuondoa viti vya namna hiyo. Ninahubiri Ungo. Ungo ni zana ya kuandikia programu kama Marijani, tofauti ni kwamba uko wazi: unaweza kuufungua ukaona unavyofanya kazi, ukaurekebisha, ukampa jirani. Umetengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa kila mahali, wengi wao hawajawahi kuonana. Hauna ng'ambo ya kupigia simu. Na una tabia moja ambayo Marijani haina. Kabla kitu chochote hakijaenda kwenye bomba, kwenye reli au kwenye akaunti ya mtu, Ungo unauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani anakubali?" Lazima mtu ataje jina lake. Ndipo mambo yanakwenda, na jina linabaki pale kwenye kazi, wazi kwa kila mwenye macho.

Swali hilo ndilo lililonishinda bandarini, likanishinda kwenye mabenki, likanishinda relini. Watengeneza programu wa maofisini si wajinga, msidanganyike. Ukiwaambia zana ni huria wanaitikia. Ukiwaonyesha kwamba inasomeka wanafurahi kabisa, wanaiparamia, wanauliza maswali mazuri mpaka unajiona umefika. Halafu Ungo unauliza nani anakubali, na unaona nyuso zinajifunga moja baada ya nyingine. Dada mmoja wa benki aliniambia bila ubaya wowote, "Mama, nina watoto wanasoma. Jina langu liache lilipo." Nilimwelewa. Nilikunja vitu vyangu nikaenda zangu, na siku hiyo nilianza kuhisi uchovu ambao usingizi hauutoi.

Ndiyo maana Mtiririko walipokubali kutujaribu sikushangilia. Mzee Chilongani, mkuu wa watengeneza programu pale, alinipa meza mbili za pembeni na mwezi mmoja. Meza mbili zitumie Ungo, zilizobaki ziendelee na Marijani, kisha Jumatatu ya mwisho watu wanyooshe mikono. Ungo ukishinda, maji ya mji mzima yatakwenda kwa zana ya wazi, na ofisi nyingine zitafuata, maana zote hutazama Mtiririko inakwenda wapi. Ukishindwa, watasaini na Marijani mkataba wa miaka kumi. Sina miaka kumi mingine ya kuhubiri. Na wale wa kujitolea wameshaanza kupungua. Kila mwezi mmoja wao huandika ujumbe mfupi wa kuaga, wenye adabu, na hatumsikii tena.

*

Jumatatu hiyo ya mwisho nilipanda ngazi nikiwa na Elinami Kweka, mwenzangu katika kazi hii. Elinami ni fundi hasa. Ndiye aliyekuja kufunga Ungo kwenye zile meza mbili mimi nikiwa Mwanza nikishindwa kwenye ofisi nyingine. Ana umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, na uchovu haujamfika. Badala yake ana haraka.

Tulikuta ofisi imechangamka. Bupe Mwaipopo, dada wa makamo anayeendesha mabomba ya upande wa magharibi, alikuja kunipokea mkoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bupe. Za tangu siku zile?"

"Nzuri. Ila leo nakuonea huruma." Alicheka, akanishika mkono. "Umekuja siku mbaya. Marijani wameiboresha, yaani we acha tu. Imekuwa nyepesi! Zamani ukiiambia kitu inazunguka kwanza, sasa hivi hata hujamaliza kusema imeshaandika. Kila mtu anaisifia."

"Tangu lini?"

"Kama wiki tatu hivi. Nanyi na Ungo wenu pale pembeni, wale wawili hata hawapigi kelele siku hizi. Pole, mama yangu. Chai utakunywa?"

Nilisema nitakunywa. Nikamtazama Elinami. Alikuwa anatazama viatu vyake, na anatabasamu.

Namjua. Nilimshika kiwiko nikamtoa mpaka kwenye baraza ya nje, kwenye tangi la kuvunia mvua, jua lilikokuwa linachoma tayari. Nilifunga mlango.

"Marijani haijaboreshwa," nilisema.

"Haijaboreshwa."

"Elinami. Umefanya nini?"

Akanieleza, na alinieleza kwa furaha, hilo ndilo lililoniuma. Alipokuja kufunga Ungo kwenye meza mbili, aliufunga kwenye meza zote. Kisha akauvisha ganda: rangi za Marijani, sauti ya Marijani, hata ule mlio mdogo ambao Marijani hutoa ikimaliza kazi. Kwa wiki tatu ofisi nzima imekuwa ikitumia Ungo bila kujua, na inausifia.

"Hebu fikiria, dada Zamda. Leo Mzee Chilongani atauliza, mmeridhika na zana mnayoitumia? Watanyoosha mikono wote. Hapo hapo navua ganda. Watabisha nini tena? Watakuwa wamejibu wenyewe!"

Nikiri kitu kimoja. Kwa muda wa pumzi mbili tatu niliuona mpango huo ni mtamu. Niliiona mikono ile juu, na sura ya Bupe ikishangaa kisha ikicheka, nami nikirudi nyumbani kulala kama watu. Sijawahi kupata kitu kitamu namna hiyo katika kazi hii.

"Na swali?" niliuliza. "Ungo ulipouliza nani anakubali, walijibuje?"

Tabasamu likapungua. "Ganda linawajibia."

"Kwa jina la nani?"

"La mwenye kola." Alianza kuongea haraka. "Dada, lile swali ndilo linatukosesha watu. Ni wewe umesema, si mimi. Nikaona tuwapishe tu kwanza waionje. Wakishaizoea zana, swali halitawatisha."

Kwa hiyo kwa wiki tatu kila mtu pale ndani alikuwa anakubali kwa jina lake mambo ambayo hakuulizwa. Na sheria ya zana za wazi inajulikana: jina lako likiwa pale, mwenye lawama ni wewe. Hakuna kiti. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kukaa chini kwenye sakafu ya baraza ile nisiinuke. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu mlango ulifunguliwa na Bupe akatoa kichwa.

"Mama, njooni ndani. Kuna mtu amekuja na moto."

*

Aliyekuja na moto alikuwa mkunga wa zahanati ya uzazi ya Nkuhungu. Aliitwa Bi Foibe, mwanamke mnene mwenye viatu vya plastiki na aproni iliyolowa mbele. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mikutano na hakutaka kukaa.

"Tangu alfajiri hatuna maji," alikuwa anasema. "Tangi letu limekauka. Nina akina mama wanne, mmoja ameshajifungua, mwingine yuko njiani, tunabeba ndoo kutoka kwa majirani. Ndoo! Mafundi wenu wamekuja, wamelifungua bomba kwa mkono. Tumeshangilia. Hatujamaliza kushangilia limejifunga tena! Wamelifungua tena, limejifunga tena. Wamekaa chini wanalitazama. Sasa niambieni, lina pepo?"

"Mama, tulia kidogo," alisema Mzee Chilongani. Ni mtu mwembamba, mpole, ambaye kwa miaka mingi amepata amani yake kutokana na kile kiti. "Tumeshawapigia wenye Marijani. Fundi wa mbali anashughulikia."

"Amesema nini?"

Chilongani aliitazama spika. "Amesema haioni zana yao hapa kwetu. Anadhani ni mtandao. Tunasubiri."

Na kweli walikuwa wanasubiri. Kola zilikuwa mezani, birika lilikuwa linachemka, mhudumu alikuwa anapanga vikombe. Kikombe cha kwanza, kama kawaida, kilikwenda mbele ya kile kiti. Bi Foibe alikitazama, akatutazama sisi, akaona ameingia nyumba ya wendawazimu.

Elinami alikuwa ameshafungua kompyuta yake ya mkononi kwa siri chini ya meza. Alinisogezea niisome. Kazi yote ilikuwa pale, wazi, kama Ungo unavyoweka kazi za watu. Jana jioni, zamu ya kwanza ya kusafisha chujio tangu ganda livishwe, Bupe alikuwa ametamka: funga vali ya Nkuhungu, safisha chujio. Basi. Hakusema, kisha fungua. Vali ikafungwa, chujio likasafishwa, na Ungo ukaendelea kulinda amri ya mwisho uliyopewa: imefungwa, ibaki imefungwa. Fundi akifungua kwa mkono, Ungo unafunga.

Nililielewa kosa lile mara moja, kwa sababu nimekaa na watu wa Marijani muda mrefu. Wao hawamalizi sentensi. Marijani hukisia unachotaka na kukumalizia yenyewe, huko ndani kusikoonekana. Ukisema safisha chujio, ikimaliza inafungua vali bila kuambiwa. Baada ya miaka kadhaa mtu anasahau kwamba kuna kufungua. Si uzembe, ni kama mtu aliyezoea kufunguliwa mlango na mwingine. Ungo haumalizii mtu sentensi. Bupe angeonywa hilo siku ya kwanza ya mafunzo, kama angejua yuko kwenye mafunzo. Lakini alikuwa anaongea na sura ya Marijani, na aliiamini sura.

"Fungua," nilimnong'oneza Elinami.

"Siwezi kwa jina langu. Unaijua kanuni."

Ninaijua, niliitetea mwenyewe. Kwenye Ungo aliyefunga vali ndiye anayeifungua, asije mtu akaachia maji mwenzake akiwa bado ndani ya bomba na brashi. Tuliweka kanuni hiyo baada ya kumzika fundi mmoja.

"Ila naweza kufungua kwa jina lake," alisema Elinami, midomo haichezi. "Ganda bado liko. Linajibu kwa jina la Bupe. Nikisema neno moja hapa, maji yanatoka, huyu mama anaondoka, watu wananyoosha mikono. Lawama ya asubuhi inakwenda kwenye kiti kama kawaida yao. Bupe hata hatajua. Dada, amua. Kuna mtu anajifungua kule."

Hapo ndipo aliponibana. Maana kwenye mizani upande mmoja kulikuwa na maji ya wazazi, kura, zana niliyoizeekea, wale wa kujitolea wanaoniandikia kuaga, na Bupe mwenyewe kuendelea kulala vizuri. Upande wa pili kulikuwa na jina la mtu, likitumiwa mara moja zaidi. Mara moja tu. Lilikuwa limeshatumika wiki tatu.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi kama udhuru, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka mtu mwingine aamue. Na nilipoinua macho kumtafuta huyo mtu mwingine, macho yangu yaliangukia kile kiti, chai inafuka moshi mbele yake, na nikaogopa. Nilikuwa natafuta kile kile ambacho wote mle ndani walikuwa wamekitafuta.

"Subiri," nilimwambia Elinami. Nikainuka, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti cha Marijani.

*

Mhudumu aliguna. Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Bi Zamda," alisema Mzee Chilongani kwa upole, "hicho kiti..."

"Nakijua, mzee. Fundi wa mbali haioni Marijani kwa sababu haipo. Haipo hapa wiki tatu sasa. Mnachotumia ni Ungo, umevishwa sura. Amefanya mwenzangu, mimi nimejua leo asubuhi, na nilikaa kimya tangu nilipojua mpaka sasa hivi. Vali ya Nkuhungu imefungwa kwa sababu hiyo. Mimi ndiye nimefanya."

Elinami aliinamisha kichwa, kisha, na kwa hilo namheshimu, alibonyeza kitufe na ganda likabanduka kwenye skrini ya ukuta wa mkutano na kwenye meza zote. Rangi za Marijani zikaondoka. Ikabaki sura ya Ungo, ya kijivu, isiyo na urembo, na kazi ya jana jioni imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Funga vali ya Nkuhungu. Safisha chujio. Chini yake: kufungua, haijasemwa. Chini kabisa: aliyekubali, Bupe Mwaipopo.

Bupe alisoma polepole. Alisogea karibu na ukuta, akasoma tena. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake yote kuona maneno yake yaligeuka kuwa nini.

"Mimi husema hivi hivi siku zote," alisema. "Safisha chujio. Siku zote."

"Marijani ilikuwa inakumalizia," nilisema. "Hukuweza kujua. Imefungwa."

"Na hili jina? Nilikubali lini?"

"Hukukubali. Tulikujibia."

Akageuka. Sikuwahi kumwona Bupe amekasirika. Hasira yake haikuwa na sauti kubwa. "Kwa hiyo Marijani ilinificha kazi yangu, na ninyi mkanificha jina langu. Mama, uliniambia zana yenu ni ya wazi. Uliniambia pale, kwenye meza yangu, ukanywa chai yangu. Sasa nani afadhali?"

Nilikuwa nimejibu maswali mangapi katika ofisi ngapi? Niligeukia ukuta, nikalisoma jina lake tena.

"Haya, mtagombana baadaye!" Bi Foibe alipiga meza. "Maji!"

"Bupe ndiye anaweza," alisema Elinami. "Avae kola, aseme fungua. Ungo utamuuliza nani anakubali, ataje jina."

"Asitaje kitu," alisema Mzee Chilongani, na upole ulikuwa umemtoka. "Bupe, nisikilize mwanangu. Ukitaja jina lako sasa, mwenyewe, kwa mdomo wako, umekubali na ya jana. Baraza la Maji watakunyang'anya kibali. Hawa wamekufanyia hila, waache wabebe. Namwita mwanasheria kwanza."

"Mwanasheria anazalisha?" aliuliza Bi Foibe.

Mimi nilisema, "Weka jina langu," na Elinami akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Kanuni. Niliyoitetea mwenyewe.

Bupe alichukua kola yake mezani. Niliona anavyoitazama ile sentensi ukutani, na nikajua anachokitazama: mahali alipoachia. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu kwa mikono yake anaijua sura hiyo. Unaona kosa, unaona ni lako, na pamoja na aibu yote unataka ulirekebishe wewe, asiliguse mwingine.

Akavaa kola. "Fungua vali ya Nkuhungu," alisema. Akafikiri. "Kila chujio likimaliza kusafishwa, fungua. Ukishindwa kufungua, niambie."

Sentensi nzima, mpaka mwisho.

"Nani anakubali?" uliuliza Ungo kwa ile sauti yake ya kawaida.

Mzee Chilongani alifumba macho.

"Bupe Mwaipopo."

Tulisubiri. Bi Foibe alikuwa na simu sikioni, anaongea na mtu wa zahanati. "Bado... Bado... Kafungue koki ya jikoni... Ee?" Uso ukamlegea. "Yametoka," alisema, si kwetu bali kwa simu, kana kwamba aliye upande wa pili hajui. "Yametoka, yametoka." Alimtazama Bupe, akataka kusema neno, akaishia kumshika bega. Kisha akaondoka na viatu vyake vya plastiki, maana alikuwa na kazi.

*

Kura ilipigwa hapo hapo. Mzee Chilongani hakutaka kungoja, na sikumlaumu. Mikono ya Marijani ilikuwa mingi mno kuhesabiwa. Mikono ya Ungo haikuwepo, hata ya wale wawili wa meza za pembeni. Bupe hakunyoosha upande wowote. Mkataba wa miaka kumi ulikuwa tayari kwenye kabrasha, na Chilongani aliusaini akiwa amesimama. Nilimwona Elinami anafuta macho kwa kiganja. Nilimhurumia, mimi nililia langu zamani, kwa vipande vipande, kwenye vituo vya mabasi.

Sikuwa na nguvu ya kuinuka. Nilikuwa bado kwenye kile kiti, na kikombe kilikuwa bado mbele yangu. Nikakinywa. Kilikuwa kimepoa, na kina sukari nyingi kuliko ninavyopenda.

"Tumalizie," alisema Mzee Chilongani, na sauti yake ilikuwa imerudi kwenye utaratibu wake wa kila Jumatatu. "Hitilafu ya Nkuhungu. Iandikwe. Nani alifanya?"

Nao wote wakageuka kukitazama kiti.

Walinitazama bila chuki. Walinitazama kwa faraja, kama walivyokitazama kiti kila wiki, na niliona mabega yao yanashuka. Sasa kiti kilikuwa na mtu kabisa, tena mgeni, tena aliyejitolea mwenyewe. Nami nilikuwa tayari. Niseme kweli, ilikuwa karibu kama kupumzika. Ningeibeba yote, ningeondoka nayo, na pale ndani hakuna ambaye angelazimika kuisoma tena ile sentensi ukutani. Nikafungua mdomo.

"Hapana," alisema Bupe.

Alikuwa bado amevaa kola. Hakunitazama, alikuwa anamtazama mwandishi wa kikao, mwenye kalamu mkononi.

"Andika mimi, sikumaliza sentensi. Andika Elinami, alituvisha sura. Andika mama Zamda, alijua akanyamaza. Kila mmoja na lake." Ndipo akanigeukia, hasira bado imo machoni, wala sidhani imekwisha hadi leo. "Na wewe mama, toka kwenye hicho kiti."

Nikainuka. Nilisogeza kikombe nipate kupita, na nilipofika mlangoni niligeuka, nikamwona Bupe amekishika kile kiti kwa mgongo anakivutia kwenye meza yake, kisha akakikalia.